Niliandika kwenye form ya shule kwamba nyumbani kwetu ni "English only", halafu class teacher akaja kututembelea

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi hapa, wa kucheka kimyakimya na kupita. Leo naandika. Haya yote ni ya kweli. Mke wangu ameyasoma kabla sijapost, na kila mahali nilipojipendelea amenifutia.

Niko Nakuru, Bondeni, kwenye zile nyumba za zamani za council. Mimi ni fundi wa nguo, na nguo zenyewe ni uniform. Sweta, shati, sketi, tracksuit. Ukiniletea mtoto nitajua shule yake kwa kola tu.

Shida yangu ilianzia hapo hapo kazini.

Kuna shule moja ya private upande wa kuelekea Njoro, jina nimelificha. Watoto wake huvaa sweta ya kijani yenye mistari miwili myeupe. Wale watoto wakiingia dukani kwangu mimi hutoka jasho. Siku moja kasichana ka miaka kama sita kalinyoosha mikono nikapime, kakaniambia kwa Kiingereza cha puani kwamba mkono wa kushoto ni mrefu kidogo kuliko wa kulia, na kama haitanisumbua, ninaweza kuurekebisha kabla shule haijafunguliwa. Sentensi moja, ndefu, haina breki.

Mimi nikajibu, "Yes."

Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Yes."

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba nilikuwa na pini mdomoni. Hakuniamini, na alikuwa na haki.

Usiku huo sikumaliza hata chakula. Niliapa kwamba Nyambura wangu atasoma shule hiyo, hata ikibidi nihamie kwa cherehani.

Sasa niwajulishe watu wa nyumba. Nyambura ni binti yetu, miaka sita, wa kwanza na mpaka sasa wa pekee. Kwa desturi yetu Wakikuyu amepewa jina la mama yangu, ndiyo maana mimi humwita "mami". Mke wangu ni Chebet, Mkipsigis wa upande wa Molo, anauza maziwa na mala, yale ya kuganda, kwa kibanda hapa karibu. Mimi kwetu ni Mau Narok.

Lugha ya nyumbani ni Kiswahili, kwa sababu ndipo tulipokutana katikati. Hasira tu ndizo kila mtu huenda nazo kwao. Chebet akikasirika huorodhesha makosa yangu kwa Kikipsigis, mimi huguna kwa Kikuyu, na mtoto huelewa pande zote mbili kuliko tunavyopenda.

Basi tukaenda kuchukua form ya kujiunga Grade One.

Ile form ilikuwa na kurasa nne. Chanjo, ugonjwa, nani atamchukua mtoto jioni. Ukurasa wa tatu kulikuwa na swali: lugha gani zinazungumzwa nyumbani?

Chebet akaniambia, "Andika Kiswahili twende, nimeacha maziwa na jirani."

Mimi nikaandika English.

Nikaliangalia lile neno, nikaona limekaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Nikaongeza "only".

Chini kabisa kulikuwa na onyo kwa herufi nzito: ukitoa habari za uongo, nafasi ya mtoto itafutwa. Nilisoma. Nikapiga sahihi, ile ndefu yenye mkia.

Headteacher akatuambia Grade One imebakisha nafasi mbili na moja anaweza kutuwekea. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Shule yao ina kawaida. Kabla ya kufungua, class teacher humtembelea kila mtoto mpya nyumbani kwao, anakaa na familia, na hapo ndipo form inakamilishwa. Kwetu angekuja Jumamosi, wiki mbili kutoka siku hiyo.

Nilitoka kwa ofisi nikitembea kama mtu wa viatu vya kuazima.

Kwa gate Chebet aliniambia, "Rudi ubadilishe."

"Aah, tuko na wiki mbili," nikamwambia. "Kama ni English, tutaongea."

Wakuu, mwanaume akishasema neno mbele ya mke wake, kulirudisha ni kazi.

Waliosoma primary za kwetu huko juu wanaijua disc. Kwa wasioijua: ni kipande cha mbao au mfupa chenye kamba. Ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, na unabaki nacho mpaka umshike mwingine umvalishe. Jioni mwenye kuwa nacho anakula viboko. Mimi Mau Narok nilikivaa mpaka walimu wakadhani ni sehemu ya uniform yangu.

Mtu mwenye akili angeichukia disc maisha yake yote. Mimi nilienda kwa cherehani nikashona yangu.

Na kwa kuwa mimi ni fundi, niliishona vizuri. Mbao ya mviringo, nikaifunika kitambaa cha maroon, pembeni nikaweka utepe wa dhahabu, kamba nikasuka. Nikatangaza sheria: kuanzia leo, ndani ya nyumba hii ni English. Atakayeongea lugha nyingine anavalishwa, na atakayekuwa nayo wakati wa chakula cha jioni ndiye anaosha vyombo.

Wiki ya kwanza niliosha vyombo siku sita.

Nyambura alikuwa askari mkali sana. Nikijikwaa kwa stuli nikasema "Woi!", disc. Nikipiga chafya nikajiambia "Afya", disc. Jumapili ndiyo siku pekee niliyoponea, na ni kwa sababu nililala mchana wote.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni Chebet. Nilidhani atakataa sheria. Hakukataa. Kumbe kabla hatujaoana aliwahi kufanya kazi kwa hoteli ya watalii, na Kiingereza chake chote alikitoa huko. Akanigeuza customer.

"Good evening, sir. Are you ready to order?"

Nikimuuliza sufuria iko wapi, "I will check for you, sir." Nikimgusa bega, "Is everything all right, sir?" Nilikaa siku kadhaa ndani ya nyumba yangu nikihisi kwamba wakati wowote nitaambiwa muda wa kutoka chumbani umefika.

Na hatukuweza hata kugombana! Siku moja nilichoma pasi nguo ya mteja, nikataka kumlaumu mtu. Nikaanza, "You, you are, this iron..." Nikakwama. Chebet akanisubiri kwa heshima, mikono nyuma. Hasira ikapoa kama chai.

Mwishowe aligundua kwamba sheria ni ya ndani. Akawa anatoka, anasimama nje ya kizingiti, anageuka, ananiambia yote kwa Kiswahili akiwa hapo kwa kamba za nguo. Akimaliza anavuka tena kuingia, "Thank you for waiting, sir."

Basi maisha yetu yote yakahamia nje. Nikitaka kujua habari za kibanda, nje. Mtoto akitaka kuuliza swali la maana, nje. Majirani wakaanza kutuona tumesimama watatu kando ya tangi la maji saa kumi na mbili asubuhi tukiongea haraka haraka.

Jirani wangu, Baba Kevo, akanivuta kando. "Niaje boss. Nyumba iko sawa? Ama mmefungiwa?"

Nikamwambia ni mambo ya shule.

"Shule gani inafukuza watu kwa nyumba yao?"

Nikarudi ndani kwa English yangu.

Halafu mama yangu akaja.

Alikuwa amefanyiwa operation ya jicho, na daktari alitaka awekewe dawa ya matone mara nne kwa siku. Huko Mau Narok anakaa na ng'ombe wawili na kijana wa kuwakamua, na hakuna hata mmoja wao wa kumtegemea kwa jicho. Kwa hivyo ilikuwa akae kwetu mpaka apone. Alifika na gunia nusu la viazi na kitambaa cheupe juu ya jicho.

Mama yangu anaongea Kikuyu, na Kiswahili chake ni cha bara, cha mashamba ya ngano, hakina breki wala kona. Kiingereza anajua "Good morning" na anaitumia mpaka jioni.

Kufika tu mlangoni akamwita mjukuu wake, "Wewe mwenye jina langu, kuja unisalimie! Umekula? Umekuwa mrefu aje!"

Nyambura akamkumbatia. Halafu akaenda akaichukua disc, akarudi, akamvalisha.

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Lakini mama aliigusa ile kitu kwa vidole, akapapasa utepe wa dhahabu, akafurahi kabisa. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuletewa zawadi mlangoni.

Nani angemwambia? Mimi sikuweza. Chebet alitoka nje kwa kamba za nguo akacheka huko.

Tangu siku hiyo disc haikutoka shingoni mwa mama. Aliivaa jikoni, aliivaa kwa bafu, Jumapili aliivaa kanisani juu ya leso. Wazee wa rika lake waliisifu. Watu wa rika langu waliangalia chini, na mmoja alitoka nje akikohoa.

Disc ilikuwa imekwama, lakini sheria haikukwama. Nyambura alikuwa ameshazoea kuogopa. Mama akimpigia hadithi, mtoto anajibu, "Yes, Grandmother." Akimuuliza jambo, "I am fine, Grandmother." Usiku anasimama mbali, "Good night, Grandmother," huyo amekwenda. Wale wawili zamani walikuwa wakiongea kwa simu mpaka credit inaisha katikati ya neno.

Siku ya tano mama aliniambia, tukiwa nje, "Nirudishe Mau Narok."

"Na dawa ya macho?"

"Hata nikiwa kipofu. Kule ng'ombe huniongelesha."

Nikamwomba avumilie mpaka Jumamosi. Nikamweleza kila kitu: form, English only, onyo la chini, nafasi ya mtoto. Nikamwambia mwalimu akimkuta anaongea Kiswahili, nafasi imeenda. Halafu, wakuu, nikamwomba mama yangu mzazi jambo ambalo naona haya hata kuliandika. Nilimwomba Jumamosi akae kimya. Tutasema koo lake lina shida.

Alikubali mara moja. "Sawa. Mimi ni nani."

Hapo ndipo ningefaa kuogopa. Mama yangu hajawahi kukubali kitu mara moja, hata bei ya nyanya.

Jumamosi ikafika. Madam Atieno alikuja saa tisa mchana, mwanamke wa makamo, mpole, mkoba mkubwa, viatu vya kutembea. Nilimpokea mlangoni kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi wiki nzima, na ilitoka vizuri. Tatizo ni kwamba ilikuwa moja.

Tukakaa. Nyambura akasimama akasoma shairi la mvua kwa Kiingereza. Tukapiga makofi. Nikasema, "Very good." Kimya.

Chebet akasema, "More tea, madam?"

Madam akanywa. Saa ya ukutani ikasikika vizuri sana.

"More tea, madam?"

Yule mwalimu alikunywa vikombe vinne. Hakuwa na kiu. Ni vile kila mazungumzo yakiisha, na yalikuwa yanaisha upesi, hakukuwa na sentensi nyingine ndani ya nyumba isipokuwa hiyo. Nilimwona akimwangalia mama yangu, ambaye alikuwa ameketi pembeni wima kama askari, jicho moja limefunikwa, mdomo umefungwa, disc imening'inia kifuani. Madam aliitazama ile disc. Akaniangalia. Akaitazama tena. Kila Mkenya aliyekaa darasani anaijua, hata ukiivalisha dhahabu.

Nikaeleza, kwa Kiingereza nilichobakiwa nacho, kwamba mother hawezi kuongea, throat, very bad.

"Oh, pole sana," Madam akasema. Neno la kwanza la Kiswahili kusikika ndani ya ile nyumba mchana huo. Nyambura akashtuka, akaangalia disc, akaona iko kazini tayari.

Mgeni akasimama aende. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Sasa, wakuu, nyumba zetu za huku mnazijua. Mgeni haendi bila maombi. Unaweza kumnyima chai, maombi huwezi. Kwa hivyo nikaruka haraka: "Let us pray. Thank you God. Safe journey. Amen."

Madam akatabasamu. "Baba Nyambura, kuna mzazi hapa. Si yeye ndiye hutuombea? Hata kama ni kwa roho tu, tutanyamaza naye."

Mama akasimama. Akainua mkono. Tukafunga macho.

"TUOMBE!"

Ile sauti ilitoka kifuani, nzima, yenye afya, wakuu, Baba Kevo aliisikia upande wa pili wa ukuta akaitikia "Amen" kabla maombi hayajaanza. Na mnajua sheria ya maombi. Mtu akishaanza, humkatizi. Hata kama nyumba inaungua unasubiri "Amen".

"Baba wa mbinguni, wewe unajua koo yangu haina shida. Asubuhi nimekula viazi nne na nikaimba."

"Ndio, Baba," Chebet akaitikia.

"Msamehe kijana yangu. Alikuwa mtoto mzuri. Hii uongo ameanza juzi. Baba, ameenda kwa shule ya watu akaandika hii nyumba ni ya Kiingereza tupu. Wewe unakaa na sisi hapa, Baba. Kiingereza umeisikia wapi?"

"Ndio, Baba!" Chebet sasa alikuwa ameshika moto.

"Bariki huyu mwalimu. Amejaa chai na anaogopa kukataa. Msaidie afike kwake salama. Baba, huyu bibi ya kijana yangu ni mtu wa Molo na mimi ni mtu wa Mau Narok, na tangu waoane tunasikizana vizuri, hata kama yeye huchemsha viazi yangu kidogo sana."

Hapo Chebet hakuitikia.

"Na sasa naleta mbele yako huyu mtoto ako na jina yangu. Nimekaa hapa siku saba. Nimetolewa macho ikarudishwa, na yeye hajaniuliza, 'Shosho, iliuma?' Si ati hana roho, Baba. Ameogopa. Ananiambia good night kama daktari. Baba, kama hiyo shule inataka mtoto ambaye hawezi kuongea na shosho yake, usimpatie hiyo nafasi. Mpatie ingine. Lakini kama walimu wake ni watu, basi wafungue macho, vile ulinifungulia moja yangu. Amen."

Nilifungua macho polepole. Ningeweza ningeyaacha yamefungwa.

Madam Atieno alikuwa ameketi tena. Alikuwa anapangusa uso kwa kitambaa na sikujua kama analia au anacheka, nadhani ni yote. Akafungua mkoba, akatoa ile form yetu, akaifungua ukurasa wa tatu.

Nikajua imekwisha. Nilimwona Nyambura akiangalia ile karatasi, na nikafikiria nitamwambia nini jioni. Nitamwambia baba yako alikunyang'anya nafasi yako kwa neno moja aliloongeza kwa sababu ya kiburi. Na hilo pia ningelazimika kulisema kwa Kiingereza.

"Madam," nikasema, "kosa ni langu. Mtoto hana makosa. Hata hiyo disc ni mimi nilishona."

"Nimeona," akasema. "Umeshona vizuri. Mimi yangu ilikuwa mfupa wa ng'ombe."

Halafu akaniambia niketi.

"Baba Nyambura, wewe ulifikiria hii swali ni ya nini?"

"Ya kuchagua watoto. Wale wako na English na wale hawana."

Akatikisa kichwa. "Kulikuwa na mtoto alikuja kwetu, mdogo hivi, kwao wanaongea Kiturkana peke yake. Siku ya kwanza alianguka akaumia mkono. Akalia mpaka jioni. Matron anamwambia 'don't cry', mimi namwambia 'don't cry'. Alikuwa anatuangalia tu. Shule mzima hakukuwa na mtu wa kumwambia pole akasikia. Ndio tukaweka hii swali. Tunataka kujua mtoto akilia, atulizwe na lugha gani. Ndio maana tunakuja mpaka nyumbani. English nitamfunza mimi, hiyo ni kazi yangu."

Nilitafuta neno. Hata "Yes" lilikataa.

"Sasa wewe uliandika English only," akaendelea. "Huyu akianguka, tungemwambia nini?"

Akamgeukia mtoto. "Nyambura, ukianguka shuleni uumie, ungetaka tukuambie nini?"

Nyambura aliniangalia mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Daddy, am I allowed?"

Wakuu, mimi nimeaibika mara nyingi. Nimewahi kushonea bwana harusi suruali ya mguu mmoja mfupi, akagundua madhabahuni. Lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Mtoto wangu anaomba ruhusa ya kuongea, na anayeombwa ni mimi.

"Ongea, mami," nikamwambia. "Ongea vile unataka."

Akavuta pumzi.

"Nataka niambiwe pole. Halafu hiyo kitu imeniangusha ichapwe."

"Ichapwe?" Madam akauliza, kalamu mkononi.

"Eeh. Kama ni mawe, mawe ichapwe. Kama ni mlango, mlango. Daddy huichapa na mkono anasema, 'Hii mbaya! Kwa nini umeangusha mami yangu?' Halafu Mummy ananiambia pole na ya kwao, ananipulizia. Halafu inaacha kuuma."

Madam aliandika yote. Akakata "English only" kwa mstari mmoja, juu yake akaandika Kiswahili, Kikuyu, Kikipsigis. Pale pembeni, kwenye nafasi ya maelezo, akaandika maneno ya mtoto kama yalivyo. Akanipa kalamu nipige sahihi upya. Safari hii mkia haukutoka.

"Nafasi yake iko," akasema. "Tutaonana Jumatatu ya kufungua. Sasa nionyesheni choo."

Hata hajatoka mlangoni vizuri, Nyambura alikuwa ameshapanda kwa magoti ya shosho yake. "Shosho, walitoa jicho na nini? Iliuma? Uliiona ikiwa nje? Ng'ombe anaitwa nani siku hizi?" Aliuliza maswali ya siku saba kwa pumzi moja. Mama alijibu yote, mengine kwa Kikuyu, mengine kwa Kiswahili, na mengine, kama lile la jicho kuwekwa kwa sahani, ya uongo mtupu. Kwenda Mau Narok hakukutajwa tena mpaka dawa ilipoisha.

Jioni hiyo Chebet alinigombeza ndani ya nyumba, kwa Kikipsigis, tangu ugali mpaka vyombo. Nilifurahi sana.

Shule ikafunguliwa. Wiki ya pili nilipita kumchukua mapema, nikasimama kwa gate. Watoto walikuwa wanakimbia uwanjani. Nyambura akajikwaa kwa ngazi ya darasa, akaanguka kifudifudi, akaanza kulia.

Matron akatoka mbio. Mama mkubwa, aproni nyeupe, mtu wa heshima zake. Akamwinua, akampangusa magoti, akamwambia pole. Halafu akainama kwa shida, akaipiga ile ngazi ya simiti kwa kiganja, kofi la nguvu.

"Hii mbaya! Kwa nini umeangusha mami yangu?"

Watoto wa karibu wakasimama. Mmoja akaja akaipiga pia. Akaja mwingine. Muda si muda ni sweta za kijani kumi na tano zimezunguka ngazi moja zinaichapa makofi, zinapiga kelele, "Mbaya! Mbaya!", na Kiingereza cha puani hakikusikika popote.

Nyambura alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ameshika kiuno, anawaonyesha mahali pa kupiga.

Somo nililopata, wakuu, ni fupi. Kiingereza ni kizuri na mtoto wangu anakisoma, siku hizi ananirekebisha hata mimi na simwekei kinyongo. Lakini shule ikikuuliza mnaongea nini nyumbani, sema ukweli. Huenda wanauliza ili wajue namna ya kumbembeleza mtoto wako wewe ukiwa mbali.

Na usimwambie mama yako anyamaze siku ambayo kutakuwa na maombi.

Haya, uwanja ni wenu. Wazazi wenzangu, nyinyi mliandika nini kwenye hiyo nafasi? Na kwenu, mtoto akianguka, ni nini kinachapwa?